Jina Nililolitaja Mezani

Editha alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya benki hapa Shinyanga, akaniambia mama yake amefariki. Hakulia. Alisema tu, "Dada Skola, mama aliacha neno kwamba wasifu wake uusome wewe. Alisema ulikula mezani kwake kama mtoto wake wa kumzaa." Nikamwambia nitakuja, nikatoka kwenye foleni bila kufanya kilichonipeleka. Wasifu niliuandika ndani ya basi, karatasi ikiwa juu ya mkoba, ukurasa mmoja na nusu. Jumamosi nikausoma kanisani, mbele ya watu wengi kuliko nilivyotegemea. Nilisema alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, kwamba mapadre wapya wote walipita jikoni kwake kabla hawajajua hata njia ya kwenda sokoni, kwamba hakuna mgonjwa aliyelazwa kituo cha afya cha Mwasenge akakosa uji wake. Yote hayo ni kweli. Watu waliitikia amina, na Editha akanishika mkono mpaka makaburini. Nilipokuwa nikisoma niliona jinsi maandishi yangu yalivyoruka Jumapili moja, na nadhani hakuna mwingine pale kanisani aliyeliona hilo pengo, kwa sababu wote waliokuwa wakilijua wameshazikwa, isipokuwa mimi.

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa mpiga taipu wa parokia. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichoungana na sakristia, chenye dirisha la nondo lililotazama barabara ya kwenda kwenye machimbo. Malori yakipita, vumbi lilikuwa likiingia na kutua juu ya rejista za ubatizo, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzipangusa kwa kitambaa chenye maji. Saa tisa alasiri, siku nyingi, mgodi mkubwa ulio upande wa pili wa vilima ulikuwa ukilipua baruti. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuja kwanza kwenye nyayo, kisha kwenye kioo cha kabati, kisha vikombe vya chai vilivyokuwa juu ya sinia vikagongana kidogo. Wageni walishtuka. Sisi tulikuwa tunanyamaza mpaka upite, halafu mtu anaendelea na sentensi yake palepale alipoiachia. Sasa nikikumbuka, naona mwaka ule wote ulikuwa hivyo: tulikuwa tunanyamaza, tunangoja kitu kipite, kisha tunaendelea.

Paroko wetu aliitwa Padre Damasi, mtu mfupi, mkimya, asiyejua kuimba. Alikuwa ameletwa kwetu mwaka uliotangulia, akakuta kanisa halijaezekwa upande mmoja. Diwani wetu, mume wa Mama Editha, alikuwa amejitolea bati zote zilizobaki. Watu walifurahi. Padre Damasi alizipokea, akashukuru kwenye matangazo, lakini wiki ileile akaanzisha Kamati ya Haki na Amani, na kazi ya kwanza ya kamati hiyo ikawa kuandika malalamiko ya watu wa Mwasenge waliokuwa wakiondolewa kwenye mashamba yao ili machimbo yapanuke. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Bundala, mwalimu mstaafu aliyekuwa akitembea na kalamu mbili mfukoni kila siku. Mimi nilikuwa wa kupiga taipu. Sikuchaguliwa kwa hekima yoyote. Nilichaguliwa kwa sababu mashine ilikuwa mezani kwangu.

Watu walikuja Alhamisi. Walikaa kwenye benchi la nje, wanaume wakiwa na kofia magotini, akina mama wakiwa wamefunga hati zao za zamani kwenye ncha ya kitenge. Wengi walisema Kisukuma, na Mwalimu Bundala akawa anatafsiri polepole ili nisikose neno. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo. Kisukuma nilikuwa nakisikia kwa mbali, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Ng'ombe waliokufa baada ya kunywa maji ya kijito kilicho chini ya sehemu ya kuoshea dhahabu. Mpaka uliosogezwa. Mti wa mpaka uliokatwa usiku. Nilipiga taipu nakala tatu kila mara, na karatasi za kaboni ziliacha rangi ya samawati kwenye vidole ambayo haikutoka hata kwa sabuni ya mche. Wakati mwingine nilimuuliza Padre Damasi kama kuna anayesoma barua hizo huko wilayani. "Sijui," alisema. "Lakini siku wakiulizwa, wasiseme hatukuwaambia."

Kabla ya mvua za mwaka ule akaja Bibi Kabula. Alikuwa mjane, mrembamba, mwenye sauti ya juu kama ya msichana, na shamba lake lilikuwa kwenye mteremko ambako wachimbaji walikuwa wamegundua mwamba wa dhahabu miezi michache nyuma. Watu walikuwa wamemiminika pale kutoka Kahama, kutoka Geita, mpaka wavuvi wa Nkome walioacha mitumbwi yao. Pande zote za shamba lake kulikuwa na maduara, yaani yale mashimo ya wima wanayochimba kwa mkono, na yeye alikuwa amebaki katikati na nyumba yake ya tembe na mihogo yake. Alifungua kitenge, akatoa karatasi ya daftari ya mraba iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameikuta mlangoni, imewekewa jiwe juu. Hakujua kusoma, aliileta kwa sababu aliona haina mhuri wa serikali. Mwalimu Bundala aliisoma kimya, akampa Padre, Padre akanipa mimi niinakili. Ilisema: "Bibi uhame kabla ya mvua ya kwanza. Macho yako tumeyaona. Haturudii."

Msomaji asiye wa kwetu anahitaji kuelezwa habari ya macho. Mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake huwa mekundu. Na kwetu, mtoto akifa au ng'ombe wakianguka, kuna watu wanaotazama macho hayo na kusema wameona mchawi. Vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu hiyo, na mara nyingi, ukiuliza vizuri baada ya mazishi, unakuta kulikuwa na shamba. Kwa hiyo barua ile haikuhitaji kusema zaidi. Bibi Kabula aliposomewa, alituuliza kama mihogo yake atapata nafasi ya kuing'oa. Siku ileile Padre Damasi alimpeleka kwa masista, kwenye chumba kilichokuwa kikitunziwa mahindi, wakamtandikia kitanda.

Sasa niseme juu ya meza ya Mama Editha. Mimi sikuwa na ndugu Mwasenge. Nililala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya katekista, nikapika kwenye jiko la mchanga, na siku nyingi chakula changu kilikuwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na chai ya rangi. Mama Editha aliniona Jumapili ya kwanza nikiwa nimesimama peke yangu baada ya misa. Akasema, "Wewe binti, unakaa na nani?" Nikamwambia. Akanishika mkono kana kwamba tulikuwa tumekubaliana zamani. Tangu siku hiyo kila Jumapili nilikula kwake. Nyumba yao ilikuwa na sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu juu ya mlango, na meza ndefu ambayo haikukosa mgeni. Wali wa Kahama, sato wa kuletwa kutoka Nkome kwenye barafu, mlenda, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alinijazia sahani bila kuniuliza. Nilipougua malaria alikuja mwenyewe na uji, akakaa ukingoni mwa kitanda changu mpaka nikaumaliza. Diwani naye alikuwa mtu wa upole. Aliniita "mwanangu", akaniuliza habari za masomo, na gari lake ndilo lililokuwa likiwapeleka wajawazito hospitali usiku wa manane bila kudai chochote. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kama wangekuwa watu wabaya tu, mimi ningekuwa mwangalifu.

Masanja alikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na minne, mrefu hata akainama mlangoni, mchimbaji kutoka vijiji vya wafugaji vilivyo ng'ambo ya Kahama. Alivua mabuti yake nje, akaingia na soksi zilizotoboka, akamwomba Padre afunge mlango. Mlango wa ofisi ulikuwa haufungwi mchana. Tulikuwa wanne: Padre, Mwalimu Bundala, yeye na mimi. Alisema siku tatu nyuma alikuwa chini ya duara, amekaa anapumzika, taa ameizima ili betri isiishe. Juu, watu wawili wakaja wakakaa kwenye kingo, hawakujua kuna mtu chini. "Ukiwa chini," alisema, "maneno ya juu yanashuka yote. Hata mtu akinong'ona." Mmoja alisema bibi amehamishiwa kwa masista. Mwingine akasema haidhuru, atarudi kuchukua mihogo yake, na mwenyewe amesema iwe kabla ya mvua.

"Mwenyewe ni nani?" Mwalimu Bundala akauliza.

"Mwenye leseni ya mteremko."

"Walimtaja jina?"

"Walimtaja."

Na yeye akalitaja. Vidole vyangu vilikuwa juu ya mashine na vilibaki hapo. Leseni ilikuwa imeandikwa jina la shemeji yake Diwani, lakini jina walilolisema watu wale kingoni halikuwa la shemeji. Mwalimu Bundala aliniambia nisiliandike, niandike "mmiliki". Na jina la shahidi nalo lisiandikwe. Padre Damasi akasema, akitutazama mmoja mmoja, "Jina la kijana huyu lisitoke katika chumba hiki." Masanja akauliza kama atalazimika kwenda mahakamani. Padre akamwambia siku hiyo ikifika watakwenda wote wawili. Masanja alipokuwa akitoka alinisemesha mara moja tu. Alikuwa amechuchumaa anavaa mabuti, akasema, "Dada, mashine hiyo inaandika haraka kuliko mtu anavyosema." Ndiyo maneno pekee aliyowahi kuniambia mimi mwenyewe.

Jumapili nilikwenda kwa Mama Editha kama kawaida. Nilikuwa nimejiambia nisiende, kisha nikajiambia nikikosa wataona. Diwani alikuwa nje anaongea na watu chini ya kibanda cha gari. Tulikuwa wawili mezani. Wali ulikuwa umeshika kidogo chini ya sufuria na harufu yake ilijaa sebuleni. Alikuwa akinipakulia, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Alhamisi nilipita pale kwenu nikitaka kumwona Padre juu ya maua ya altare. Nikakuta mmefunga mlango mchana kweupe."

"Kulikuwa na mtu ana shida zake, Mama."

"Niliona mabuti. Yana tope jeupe, la kule mteremkoni." Akacheka kidogo. "Wachimbaji nao siku hizi wana shida za kanisa?"

Nimejiuliza miaka yote kwa nini sikunyamaza. Ningeweza kula. Ningeweza kusema sijui, nilikuwa nimetumwa posta. Lakini nilikuwa na miaka ishirini, na niliogopa kwamba kimya changu kitaonekana, nikataka kukifunika haraka. Nikasema, "Ni Masanja tu. Alikuja kuuliza habari za ndoa."

"Anaoa?"

"Ndivyo alivyosema."

Kijiko cha kupakulia kilisimama juu ya sahani yangu, kidogo sana, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha kikamwaga wali. "Mungu amsaidie," alisema. "Kula, mwanangu, samaki anapoa." Nikala. Nakumbuka nilijiona hodari. Nilidhani nimempa uongo mzuri, na sikuona kwamba ndani ya uongo ule nilikuwa nimetia neno moja la kweli. Yeye alikuwa ameona mabuti tu. Jina alilipata kwangu.

Jumatano, kati ya saa sita na saa saba mchana, niliona kwenye dirisha watu wanakimbia kuelekea mteremkoni. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanakimbia tu, na akina mama wameacha masufuria yao kwenye vibanda vya mama ntilie, mvuke ukitoka. Duara moja lilikuwa limeanguka. Lilikuwa duara lililopumzishwa, halijachimbwa kwa majuma mawili, na ndani yake kulikuwa na mtu mmoja aliyeambiwa ashuke kuchukua kamba na nyundo zilizosahauliwa. Nilijua kabla Mwalimu Bundala hajaingia. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha wageni, akatoa kalamu zake zote mbili akaziweka mezani kwangu. Walimtoa Masanja Ijumaa. Askari walikuja, wakapima kwa hatua, wakaandika kwamba ni ajali ya kifusi. Maduara huanguka. Mwaka ule peke yake yalikuwa yameanguka mengine, na hakuna aliyeyasukuma. Aliyemtuma Masanja ashuke hakujulikana; kila mtu alimtaja mwingine. Mpaka leo sijui, kwa namna ambayo mtu anaweza kuapa, kama aliuawa. Najua tu siku ngapi zilipita kati ya Jumapili na Jumatano.

Tulimsafirisha kwao. Diwani alitoa gari na jeneza, na yeye mwenyewe akaja. Ilikuwa nyika tupu yenye minyaa ya kuzungushia maboma, na ng'ombe wamesimama mbali kana kwamba wameambiwa wasubiri. Mama yake Masanja alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele, na hakuinua uso kumtazama yeyote kati yetu. Padre Damasi alisali kwa kifupi, maana Masanja alikuwa bado mkatekumeni, hajabatizwa. Kisha zikaja salamu za rambirambi. Diwani alivua kofia. Alisema machimbo yamemchukua kijana mwadilifu. Alisema, "Na kinachoniuma zaidi, nimeambiwa kijana wetu alikuwa akijiandaa kufunga ndoa katika kanisa letu la Mwasenge." Watu wakaguna kwa huruma. Mzee mmoja akatafsiri kwa Kisukuma, na hapo ndipo mama yake Masanja alipoinua uso.

Padre Damasi alinigeukia. Alijua Masanja hakuja kuuliza ndoa yoyote. Mwalimu Bundala naye alijua. Nadhani walingoja macho yangu yaulize pamoja nao, uongo huu umetoka wapi, na mimi nikatazama chini. Diwani alipokuwa akipita kutoa mikono alinifikia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia." Mikono yake ilikuwa na joto. Sikuwahi kuogopa kitu maishani mwangu kama joto lile.

Niliungama siku iliyofuata, kwenye benchi la sakristia, mlango ukiwa wazi. Padre Damasi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aniambie kwamba Mungu anaelewa, kwamba nilikuwa mtoto. Alinipa maondoleo, na mgodi ukalipua baruti kwa mbali, na vikombe vikagongana. "Mungu amekusamehe," alisema. "Lakini mama wa yule kijana ameambiwa uongo kaburini, na uongo huo ni wako. Nenda ukamwambie kweli. Yote." Nikamuuliza kama kweli hiyo itamsaidia. Akasema, "Sijui. Ni yake tu, si yako kukaa nayo."

Jumapili iliyofuata alihubiri. Hakumtaja mtu. Alisoma barua ya mlangoni kwa Bibi Kabula, maneno yake yote, polepole, kisha akasema yeyote aliyeiandika, au aliyeagiza iandikwe, au anayemjua aliyeiandika na kula naye, asije mbele kupokea komunyo. Watu waliogeuka kutazama benchi la kwanza walikuwa wachache, wakarudisha macho haraka. Wakati wa komunyo Diwani alisimama, akaja, akafungua kinywa. Padre Damasi alibaki na hostia mkononi. Sikumbuki ni muda gani, kwaya ilikuwa imemaliza ubeti na haikujua ianze mwingine. Kisha akampa. Baadaye aliniambia kwamba yeye si hakimu wa roho ya mtu, na kwamba hatajua kamwe kama alifanya vema. Nyuma ya Diwani alipaswa kuja Mama Editha. Hakuja. Alibaki amepiga magoti na kitambaa usoni mpaka misa ikaisha, na Jumapili zote zilizofuata mwaka ule hakukomunika. Hakuna aliyemuuliza. Nilidhani siku moja ataniita. Aliendelea kuniletea chakula, sasa kwa kumtuma mtu, sahani imefunikwa kitambaa safi, na mimi nikaendelea kukila. Miaka mingi baadaye, tulipokutana kwenye upadrisho mmoja, alikaa karibu nami akasema bila kunitazama, "Skola, wali wa siku ile uliungua kidogo." Nikasema, "Nakumbuka, Mama." Hatukwenda mbele zaidi ya hapo, na sasa hatutakwenda.

Baada ya hayo mambo yalikwisha upesi. Mwalimu Bundala alikuta karatasi ya mraba mlangoni pake, haina maandishi yoyote, imewekewa jiwe. Akaacha kuja ofisini. Padre Damasi alihamishwa kabla ya Krismasi kwenda parokia ya mbali. Tangazo lilisema ni kwa mahitaji ya kichungaji. Nakala za ushahidi zilizopelekwa wilayani hazikujibiwa. Mvua ya kwanza ilinyesha, na Bibi Kabula hakurudi kung'oa mihogo yake. Masista walimkataza, akatii, na kwa kutii kwake akaishi miaka kumi na zaidi. Nyumba yake ya tembe ilibomolewa wiki ya pili ya mvua. Wanasema dhahabu nyingi ilitoka palepale lilipokuwa jiko lake.

Nilikwenda kwa mama yake Masanja mwezi wa mwisho wa mwaka. Kwa kuwa sikukijua Kisukuma vya kutosha, na Mwalimu Bundala nisingeweza kumwomba tena, nilimwomba Bibi Kabula anifuate. Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Tulifika asubuhi, jua halijawa kali. Mama yake Masanja alikuwa amekaa mlangoni anachambua choroko kwenye ungo. Bibi Kabula akamwamkia, "Mwangaluka," wakaulizana hali kwa muda mrefu, ng'ombe, mvua, watoto, kama inavyotakiwa. Kisha nikasema. Nilisema kwa sentensi fupi, nikingoja baada ya kila moja. Kwamba mwanawe alikuja kutusaidia. Kwamba tulimwahidi kuficha jina lake. Kwamba mimi ndiye niliyelitaja, mezani, kwa watu ambao hawakupaswa kulijua, na siku tatu baadaye duara likaanguka. Bibi Kabula alitafsiri yote hayo. Niliyasikia maneno niliyoyajua, jina, meza, duara. Mikono ya yule mama haikuacha kuchambua. Aliondoa jiwe dogo, akalitupa pembeni, akaondoa lingine.

Halafu akauliza kitu, na uso wake ukabadilika.

"Anauliza habari za ng'waniki," Bibi Kabula alisema. "Yule binti. Anataka kujua ni wa nani. Anasema hata kama mahari haikutolewa, aje tu amwone. Anasema huenda ana mimba."

"Mwambie hakuna binti," nikasema. "Mwambie ni mimi niliyedanganya. Hakuwahi kuwepo."

Bibi Kabula alinitazama kwa macho yake yale mekundu, kisha akamgeukia mwenzake, akasema kwa utaratibu, maneno mengi kuliko niliyompa. Nilisikia ng'waniki. Nilisikia Kahama. Mama yake Masanja akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye nguo yake, akaitikia kwa kichwa mara mbili, tatu. Akaingia ndani akatoka na maziwa kwenye kata, akanipa mimi kwanza.

Tulipokuwa njiani, minyaa ya boma bado inaonekana nyuma yetu, nikamuuliza alimwambia nini.

"Nimemwambia binti alirudi kwao Kahama baada ya msiba, na kwao hatukujui."

"Bibi, nilikuja kusema kweli."

"Umeisema. Mimi nimeisikia." Aliendelea kutembea. "Ulitaka utue mzigo wako, umeutua. Yule yeye abaki na nini?"

Nilisimama. Ningeweza kurudi, ilikuwa hatua mia mbili, na neno la Kisukuma la kukataa nilikuwa nalijua. Bibi Kabula hakunisubiri wala hakunizuia. Nikamfuata.

Miaka sita baadaye, nikiwa nafanya kazi Shinyanga na nimeolewa, nilipita Kahama siku ya soko. Basi lilisimama stendi kushusha mizigo. Kupitia dirishani nikamwona mama yake Masanja, amezeeka, amesimama mbele ya msichana aliyekuwa akiuza mchele. Msichana alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kama mitano au sita. Mama yake Masanja alikuwa amemshika mtoto kidevu, amemwinua uso kuelekea kwenye mwanga, anamtazama paji la uso, pua, masikio, bila haraka. Msichana hakukasirika. Alionekana amezoea, alimwambia kitu kwa upole, kama mtu anayerudia jibu, na yule mama akamwachia mtoto, akaenda kwa muuza mchele wa pili.